Kibirichia hakuna reli, lakini treni ipo

Ukiabiri gari jijini Nairobi asubuhi na mapema kwenda Meru kwa njia ya Nanyuki, msomaji, huwi peke yako. Yupo msafiri mwingine unayeandamana naye, ila watu wengi hawamtazami. Msafiri huyo ni reli. Utaiona Thika, itakupotea, itachungulia tena karibu na Sagana, itapita Karatina na Kiganjo, itakata nyika za Naro Moru, hadi mfike Nanyuki pamoja. Reli hiyo ilifika Thika mnamo 1913 na kuingia Nanyuki karibu na mwaka wa 1930. Baadaye ililala kwa miaka mingi, nyasi zikaota kati ya mataruma, hadi ilipokarabatiwa na treni kuonekana tena mwaka wa 2020.

Nanyuki ndipo mnapoagana. Reli inakoma, nawe unaendelea na lami peke yako. Unapita Timau penye mashamba ya ngano na maua, na ukifika Subuiga barabara inagawanyika. Ya kushoto inateremka Isiolo, ya kulia inakwenda Meru. Shika ya kulia, kisha ulizia njia ya Kibirichia. Hutapata taabu kuonyeshwa, maana hiyo ni njia ya viazi.

Nimeifuata njia hiyo mara nyingi kwa sababu dada yangu ameolewa huko. Lakini leo sikupeleki kuona mlima wala soko, ingawa vyote viwili tutavipitia. Nakupeleka kuona reli ambayo haimo katika ramani yoyote ya Kenya.

MAHALI PENYEWE

Kibirichia iko kaskazini-magharibi mwa mji wa Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kilomita chache tu kaskazini ya Ikweta. Neno hilo Ikweta lisikudanganye ukaacha sweta nyumbani. Asubuhi ukifungua kinywa, moshi unatoka. Wazee hukaa na makoti yao mpaka saa nne, na chai hunywewa kwa kikombe kikubwa kinachoshikwa kwa mikono miwili, kwanza kwa ajili ya viganja, kisha kwa ajili ya tumbo.

Mawingu yakitanduka, kusini utauona mlima na vilele vyake. Geuka nyuma, utaona nchi ikiteremka mpaka tambarare kavu za Isiolo, zilizofifia kwa vumbi na jua. Umesimama penye kabichi na matope, unatazama penye ngamia.

Siku ya soko, viazi ndivyo vinavyotawala. Viko katika magunia, katika mikokoteni, na katika malori yanayongoja kushuka Nairobi. Madalali hulitaka gunia lililojaa na kuongezwa kilemba juu, lile liitwalo lumbesa, ingawa kanuni za mwaka wa 2019 zinataka viazi vifungwe kwa magunia yasiyozidi kilo 50. Mvua ikinyesha sana, njia za mashambani huwa telezi, na mkulima hubaki akihesabu siku ambazo mazao yake hayajafika barabarani.

Kwa hiyo usishangae ukisikia watu wa huku wakizungumza juu ya reli kama mtu anavyomzungumzia jamaa aliyeahidi kuja asije. Mnamo Machi 2012 mradi mkubwa wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia ulizinduliwa, na mpango wake ulikuwa na reli ya kupita Isiolo, kule chini tunakokutazama. Barabara nyingine zimejengwa. Reli ya Isiolo bado iko kwenye makaratasi.

RELI YA UANI

Mpwa wangu yuko gredi ya saba. Aprili ya mwaka uliopita nilipeleka watoto wangu wawili huko kwa likizo, na nikambebea mpwa zawadi: treni ya plastiki niliyoinunua mjini, yenye reli ya duara na betri mbili. Nilijiona mjomba mwema sana.

Tulipoingia uani nilisimamisha gari ghafla. Mbele ya magurudumu palikuwa na reli. Ilianzia karibu na zizi la ng'ombe, ikashuka kandokando ya ua, ikapinda kwenye mti wa parachichi, na kuishia jikoni kwa nyanya yake. Urefu wake ulikuwa kama hatua 15 zangu. Mpwa alikuja mbio, akanisalimu, kisha akaniomba nisisogeze gari.

Acha nikueleze ilivyojengwa, msomaji, kwani huenda nawe una mtoto anayekusanya takataka chini ya kitanda.

Mataruma yalikuwa vipande vya saiprasi, mabaki aliyopewa na seremala wa sokoni, vikakatwa sawasawa kwa msumeno mmoja mmoja. Vilikuwa 140. Juu ya mataruma zilipita nyaya mbili za ua, zilizofungwa kwenye mti na kuvutwa hadi zikanyooka, kisha zikashikwa kwa misumari midogo iliyokunjwa kichwa. Hizo ndizo reli. Mabehewa yalikuwa mikebe ya mafuta ya kupikia iliyopasuliwa ubavuni. Ekseli zilikuwa vyuma vya mwavuli uliokufa.

Magurudumu ndiyo yaliyonivutia zaidi. Kila gurudumu lilikuwa kiduara cha mpira kilichokatwa kwenye kandambili kuukuu, na upande wake wa ndani palibanwa kifuniko cha soda kilicho kipana kuliko mpira. Mpira ulitembea juu ya waya, na ule ukingo wa kifuniko ulining'inia ndani ya reli kuzuia gurudumu lisitoke. Nenda stesheni yoyote uinamie behewa, utaona gurudumu la chuma lina ukingo vivyo hivyo upande wa ndani. Mpwa wangu hakuwa ameinamia behewa lolote. Alikuwa ameona treni mara moja tu, kwa mbali, akiwa Nanyuki, na mengine aliyapata kwenye picha za vitabu vya shule.

"Na injini inaendeshwa na nini?" nikamuuliza.

"Na mlima, mjomba," akasema, akaiachilia kule juu.

Kweli ilikwenda. Uwanja wao, kama viwanja vyote vya huko, umeinama. Treni ilishuka ikiwa na viazi vitatu ndani, ikashika kasi, ikafika kwenye mpindo wa mparachichi, na hapo ikaruka nje na kulala ubavu. Binti yangu alicheka. Mpwa hakucheka. Aliokota viazi, akairudisha treni juu kwa kamba.

Usiidharau kamba hiyo. Reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899, ilipofika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa iliwashinda wahandisi kwa muda. Ilibidi mabehewa yateremshwe kwa nyaya mtelemkoni, mpaka njia ya kudumu ilipokamilika. Watu wazima, wenye vyeti na mshahara, walifanya kama mpwa wangu.

VIDOLE VITATU

Watoto wangu waliiacha treni ya plastiki siku ya tatu. Betri zilikuwa zimekwisha, na hata kabla ya hapo haikuwa na la zaidi ya kuzunguka. Wakajiunga na ujenzi wa reli ya uani, na hapo ndipo matatizo yalipozidi.

Mpwa alikuwa akipima nafasi kati ya nyaya mbili kwa vidole vitatu. Binti yangu naye alipima kwa vidole vitatu, lakini vyake. Mdogo wake vivyo hivyo. Matokeo yake reli ilikuwa pana hapa na nyembamba pale, na treni iliyopita vizuri kwa mwenye reli ilikwama kwa binti yangu na kuzama kwa mdogo wake. Wakalaumiana asubuhi nzima.

Niliwasimulia kwamba hata serikali zina vidole vya ukubwa tofauti. Reli ya zamani ya Kenya ina upana wa mita moja. Reli mpya iliyoanza kusafirisha abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017 ina upana wa milimita 1,435. Treni ya moja haiwezi kupita juu ya nyingine, na penye makutano mizigo haina budi kuhamishwa. Watoto walisikiliza, kisha wakachonga kijiti kimoja chenye urefu wa sentimita nne. Kuanzia hapo hakuna aliyepigilia msumari bila kijiti. Ugomvi ukaisha.

Ugonjwa wa mpindo, hata hivyo, haukupona. Kichwa cha treni kilikuwa kirefu, karibu mita moja, kwa sababu mpwa alikitaka kiwe na fahari, na magurudumu yake yote yalikuwa yamekazwa kwenye ubao mmoja ulionyooka. Jaribu kulaza rula juu ya ukingo wa sahani, msomaji, utaelewa. Kitu kilichonyooka hakiwezi kufuata kilichopinda. Mpwa alibadilisha magurudumu, akapanua mpindo, akaweka jiwe ndani ya injini iwe nzito. Ikaanguka kwa kishindo zaidi.

KOSA LANGU

Sasa nifike penye jambo ambalo si rahisi kulisimulia.

Siku moja kabla ya kurudi Nairobi mvua ilinyesha kutwa. Gari langu lilikuwa limeachwa nje ya lango, na nilitaka kuliingiza ndani lisije likanasa katika tope. Nikamwambia mpwa aiondoe reli yake njiani, ataipanga tena tukishaondoka. Alisita. Nikarudia, safari hii kwa sauti ya mtu mzima. Akang'oa misumari mmoja mmoja, akakunja nyaya, na kuyapanga mataruma chini ya upenu wa jiko yasilowe. Upenu huo ndio pia mahali pa kuni.

Usiku kulikuwa na baridi kali. Alfajiri nyanya yake aliamka kututengenezea chai ya safari. Kuni zilikuwa zimelowa. Akapapasa gizani, akapata vijiti vikavu vilivyokatwa vizuri, vimepangwa kama kwamba vilikuwa vikimngoja. Tulipoamka moto ulikuwa unawaka vyema na chai iko tayari. Tuliinywa na viazi vya kuchemsha. Nilikuwa nimemaliza kikombe cha pili mpwa alipoingia, akatazama mekoni, kisha akatazama upenuni.

Yalikuwa yamebaki mataruma 11.

Nyanya alipoelewa alishika kichwa. Baba yake mpwa alisema kwamba kuni ni kuni, na kwamba mchezo usiojaza gunia haufai kumliza mtu. Lakini mtoto hakuwa analia. Aliniambia tu, "Si kitu, mjomba," akatubebea mizigo mpaka garini. Ningependa zaidi angelia.

Njia nzima hadi Nanyuki hakuna aliyezungumza. Tulipoiona reli, binti yangu alisema, "Baba, ni wewe uliyemwambia aiondoe." Sikuwa na la kujibu.

Mwezi wa Juni dada yangu alinipigia simu. Katika mazungumzo akaniambia mtoto hachezi tena na treni. Nyaya amezirudisha kwenye ua wa kuku. Alilisema kama habari njema ya masomo. Mimi sikulisikia hivyo.

MLIMA WENYE MAGURUDUMU

Agosti nilimwalika mpwa Nairobi. Siku ya kwanza nilimwomba radhi mbele ya wanangu, na siku ya pili tukaenda Makumbusho ya Reli, yaliyo karibu na stesheni kuu ya Nairobi na yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Kama hujawahi kuwapeleka watoto huko, fanya hivyo. Kuna behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi, Charles Ryall, alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka wa 1900, na watoto wote hukimbilia hilo kwanza.

Mpwa hakukimbilia simba. Alisimama mbele ya injini nambari 5918. Ni mojawapo ya vichwa 34 vya aina ya 59 vilivyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956. Ina uzito wa tani 252 hivi, na urefu wake unapita mita 30. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuishinda aina hiyo kwa ukubwa.

"Inapindaje?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kuhusu treni tangu Aprili.

Tukazunguka tukitazama chini, ndipo tukaona. Injini hiyo si kitu kimoja. Ni vitu vitatu. Mbele kuna gari la magurudumu, nyuma kuna gari jingine la magurudumu, na katikati limebebwa birika kubwa la mvuke, limeegemea magari hayo mawili kwa viungo vinavyozunguka. Penye mpindo, gari la mbele hugeuka kwanza, la nyuma hufuata, na birika hukatiza katikati. Fikra hiyo iliombewa hataza mwaka wa 1907 kwa jina la mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt, na injini za kwanza zilipelekwa kisiwa cha Tasmania, Australia, mwaka wa 1909. Ilifaa sana katika nchi za milima na mipindo mikali, na ndiyo sababu Afrika Mashariki ilizipenda.

Mpwa alichutama hapo hata mlinzi akaanza kututazama. Kisha akasoma kibao cha jina: Mount Gelai. Nikamweleza kwamba injini za aina hiyo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kwamba Gelai uko kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron.

"Na wetu?"

"Wenu ulikuwa wa kwanza," nikamwambia. "Nambari 5901 iliitwa Mount Kenya."

Hakusema kitu. Aliomba kalamu.

Jioni hiyo walipiga hesabu mezani. Ikiwa reli ya mita moja imekuwa sentimita nne, basi kila kitu kimegawanywa kwa 25, na injini ya aina ya 59 itakuwa na urefu wa mita moja na robo hivi. Binti yangu, ambaye huchukia hesabu, aligawanya mara mbili kuhakikisha.

DESEMBA

Tuliporudi Kibirichia mwezi wa Desemba, nililiacha gari nje ya lango bila kuambiwa. Viazi vilikuwa vimechanua shambani. Nyanya alitupokea kwa "Muuga!" na akanishika mkono kunipeleka jikoni. Chini ya upenu palikuwa na sanduku la mbao lenye kifuniko, na juu yake mtu ameandika kwa makaa: SI KUNI. Nyanya hajui kusoma, lakini aliniambia ndiye aliyeomba liandikwe, kwa ajili ya wageni.

Treni mpya ilikuwa ya vipande vitatu, imeunganishwa kwa misumari miwili mirefu inayozunguka katika matundu yaliyotobolewa kwa chuma cha moto. Ubavuni pameandikwa 5901. Baba mtu, yule wa gunia, alikuwa ameleta nyaya mpya mwenyewe, na nilimwona akipima kwa kijiti wakati akidhani hatumtazami.

Ilianguka mara nne siku hiyo. Mara ya kwanza kwa sababu ya jani, mara ya pili kwa sababu ya kuku, mara mbili bila sababu. Mara ya tano iliingia mpindo wa mparachichi, gari la mbele likageuka, la nyuma likafuata, na viazi vitatu vikafika mlangoni kwa nyanya. Aliviokota, akavimenya papo hapo.

Huko ng'ambo, msomaji, uraibu huu una maduka yake. Frank Hornby wa Liverpool alianza kwa kuwatengenezea wanawe vitu vya bati, akapata hataza mwaka wa 1901, na mwaka wa 1920 jina lake likawa kwenye treni za kuchezea. Wapo watu wazima wanaojaza vyumba vizima, na mjini Hamburg, Ujerumani, tangu 2001 kuna jumba lenye nchi nzima nzima za treni ndogo. Sisi hatuna maduka hayo, na bei zake nyingi zingetushinda. Lakini kinachomsumbua bwana wa Hamburg ndicho kinachomsumbua mtoto wa Kibirichia: upana usiolingana, mpindo mkali, vumbi, na mtu wa nyumbani anayetaka nafasi yake.

Wanao wakitaka kujaribu, watafutie msumeno mdogo, nyaya, na kijiti kimoja cha kupimia kabla ya yote. Waanze na njia iliyonyooka. Behewa liwe fupi, au liwe na viungo. Nawe mzazi, kabla ya kusema "ondoa takataka hizi", uliza kwanza ni kitu gani. Ukishindwa kuuliza, angalau jenga sanduku.

Mpwa sasa anaulizia Isiolo. Anataka kujua uwanja ukiisha, reli itapita wapi.